Mwanafunzi wa Kumi na Tano

Katika daftari la mahudhurio la Mhadhiri Oriokot, wanafunzi kumi na wanne walikuwa na majina. Wa kumi na tano aliandikwa "Afande" tu.

Hakuna aliyethubutu kumuuliza jina. Aliingia Jumamosi moja mchana katika ukumbi wa Tororo, ambako chuo kikuu kilikuwa kimewaletea walimu kozi ya saikolojia, akakaa nyuma kabisa. Mashavu yamenyolewa yakang'aa, miwani myeusi, shati la maua, suruali ya bugaluu, viatu vya soli nene. Katika Uganda ya jeshi, mavazi hayo yalikuwa kitambulisho tosha. Watu wa usalama walivaa hivyo, na watu waliochukuliwa nao hawakurudi.

Mhadhiri ndiyo kwanza alikuwa akijisifu kwamba humsoma mtu tabia zake kwa kumtazama paji la uso mara moja. Alimtazama mgeni, chaki ikamdondoka.

"Karibu sana, afande. Tulikuwa tunaisifu serikali."

Tuseme ukweli: Oriokot alisomea mifugo. Saikolojia alitwishwa baada ya mhadhiri wa kweli kutorokea Kenya, amelala chini ya magunia ya pamba ndani ya lori. Msomi yule alipona. Dereva wa lori ndiye aliyebaki akitafutwa. Aliitwa Nasifu, kijana wa Mulanda mwenye ndevu nyingi, na dada yake, Mastula, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akisoma kozi hiyohiyo kwenye kiti cha mbele.

Wiki sita Mastula hakupata usingizi wa maana. Askari walikuwa wameipekua nyumba ya mama yao mara tatu na kuchanachana magodoro. Barabarani walikuwa wakimteremsha kila mwenye ndevu. Busia haikuwa mbali, na ng'ambo ya Busia ni Kenya, lakini bila barua yenye muhuri mtu hakufika hata kwenye kizuizi cha kwanza. Mastula alitaka jambo moja tu duniani: ndugu yake avuke akiwa hai.

Kozi yenyewe, tangu Afande aje, ilikuwa kichekesho. Sura ya wendawazimu ilifutwa, isije ikaonekana inamsema mtu. Sura ya ndoto nayo ikafutwa, maana hakuna aliyejua ni ndoto zipi zilizoruhusiwa. Palibaki somo la utiifu, likafundishwa Jumamosi tatu mfululizo.

Kwenye jaribio Afande alirudisha karatasi tupu. Mhadhiri akampa tisini na nane, akaeleza kwamba kunyamaza nako ni hoja. Mastula aliandika kwamba anayeogopwa sana hakuna anayemtazama usoni. Alipata thelathini na moja. "Hii ni nadharia ya sokoni," Mhadhiri alimwandikia kwa wino mwekundu.

"Ona anavyotembea," Ecweru, aliyekaa karibu na Mastula, alinong'ona siku moja. Afande alikuwa akikanyaga polepole kama mtu aliye juu ya miiba. "Huo mwendo wanafunzwa."

"Nyamaza wewe!" Atim, rafiki wa Mastula, alimkemea. "Na wewe Mastula, usimtazame hivyo. Utatuletea balaa."

"Miwani tu hiyo," alisema Mastula. "Hata marehemu baba alikuwa nayo, na alikuwa anauza chumvi."

Hawakucheka.

Mastula alipopendekeza darasa liende Busia kuchunguza tabia za watu mpakani, Mhadhiri alikataa katakata. Kule nyuma, Afande akaitikia kwa kichwa mara moja. Jumatatu barua ilikuwa tayari, na muhuri juu yake: Afande na wanafunzi kumi na wanne. Karani wa serikali naye hakuuliza jina.

"Umerogwa?" Atim alimvamia Mastula. "Ndugu yako anatafutwa, na wewe unajipeleka mpakani pamoja na huyu?"

"Nakwenda kwa ajili ya ndugu yangu," alijibu Mastula.

Huko Busia, koplo wa zamu aliwateremsha wote garini. Alipekua mifuko, akamvua Ecweru viatu, akasoma madaftari aliyoyashika juu chini. Mhadhiri, msomaji wa mapaji ya uso, alikuwa akitokwa jasho mpaka kwenye tai. Afande alisimama kando, mikono kifuani. Koplo alipomfikia, akakakamaa na kupiga saluti.

"Afande anapita tu," Mhadhiri alidakia.

Afande akapita. Alikwenda polepole, kwa ule mwendo wake wa miiba, akavuka kizuizi, akaendelea mpaka ng'ambo.

"Mnaona?" Mhadhiri aliwaambia wanafunzi kwa sauti ya darasani. "Anakwenda kuwapeleleza Wakenya. Andikeni hiyo."

Wakaandika.

Koplo alikuwa amefika kwa Mastula, na kitambulisho chake mkononi. "Wewe dada ya Nasifu? Yule dereva ya ndevu?"

"Ndiyo, afande."

"Yeye iko wapi?"

Mastula alitazama barabara kwanza, mpaka mwisho wake.

"Uganda hapana iko, afande."

Ng'ambo, yule mtu alikaa kwenye jiwe mbele ya duka, akavua viatu vilivyomtesa vidole wiki zote zile. Kisha akavua miwani ya marehemu baba yake, akampungia dada yake mkono. Koplo, akidhani anaagwa yeye, akapiga saluti tena.