Mafuta ya Mzazi

Katika mji ule wa barafu, mafuta ya sili, mnyama mnene wa baharini, wa kwanza kuwindwa hupewa mzazi anyonyeshaye, na nyama hutupiwa mbwa. Nivi aliusukuma mkono wa mama mkwe wake, Arnaq, uliomnyooshea mafuta.

"Mama, daktari amesema sumu ya viwanda vya mbali hujilimbikiza katika mafuta. Nikiyala, mtoto atainyonya. Nipe nyama."

"Ebo! Nyama? Umeota mkia?" Arnaq alicheka. "Mumeo aliyanyonya mafuta haya haya, na hukumkuta kilema."

"Bahari ya siku zile haikuwa hii, Mama!"

Arnaq akambandika kipande kiganjani, akatoka. Mtoto akaanza kulia. Maziwa yakamlowesha Nivi kifuani, na mafuta yakamyeyukia vidoleni. Nje, mbwa waligombania nyama nyekundu.