Mashini ya Kuni ya Kaswera

Tiyo ya mpira ilipasuka. Mafuta meusi yakamrukia Lusenge usoni, yakamshuka hadi kifuani, na gogo la mkaratusi likabaki vilevile juu ya chuma cha mashini, bila hata ufa.

Kaswera alicheka. Alicheka mpaka akashika bega lake la kulia, lile lililokuwa likimuuma, na binti yake Bénite akatoka ndani kutazama ni nani anayecheka. Kwa miaka miwili hakuwa ameisikia sauti ile.

"Pole, Papa Lusenge," Kaswera alisema, akimpa kitambaa.

"Haina shida, Mama Bénite. Kesho nitaleta tiyo ya nguvu."

Kaswera aliuza kuni kando ya barabara, huko Bulengera, mjini Butembo. Wachoma mikate na wenye mikahawa walimjua. Magogo aliletewa kwa lori. Kuyapasua ilikuwa kazi yake. Zamani ilikuwa kazi ya Ésaïe, mume wake. Waasi walimkuta Ésaïe shambani kwao upande wa Beni, asubuhi moja wakati wa kuvuna kakao. Baada ya mazishi Kaswera alikimbilia Butembo na mtoto mgongoni na shoka mkononi. Miaka miwili ya shoka ikalimaliza bega. Daktari akamwambia achague: shoka ama mkono.

Ndipo alipokwenda kwa Lusenge. Mafundi wengine wa kuchomelea chuma walikuwapo karibu zaidi, lakini Lusenge alikuwa mtu wa kwao. Shamba lake lilipakana na la Ésaïe. Yeye alikuwa amekimbia siku ileile ya mauaji, hakurudi hata kuzika. Alipomwona Kaswera mlangoni mwa ateliye, karakana yake, nyundo ilimtoka mkononi. Alimsikiliza akieleza mashini ya kupasua magogo aliyoitaka, naye ameinamisha kichwa. Alipoulizwa bei, alijibu tu:

"Hapana, Mama Bénite. Ile pesa, hapana."

Vyuma Lusenge alivitafuta mwenyewe. Jeki aliitoa katika lori bovu la mchanga, ile inayoinua sanduku wakati wa kumwaga. Pampu ilitoka kwenye trakta iliyokufa, injini kwenye kinu cha mahindi. Akachukua resori, yaani springi ya gari, akainoa mpaka ikawa kabari. Injini ingezungusha pampu, pampu ingesukuma mafuta ndani ya jeki, na jeki ingelikandamiza gogo kwenye ile kabari, polepole, bila huruma. Kaswera angeshika tu mkono mmoja wa chuma. Akiuachia, jeki inarudi.

Lusenge alikuja kila jioni baada ya kazi zake, na Jumamosi kutwa nzima. Mama Kahindo, jirani, alihesabu miezi.

"Mwanaume hafanye kazi ya bule miezi tatu juu ya kuni," alimwambia Kaswera. "Uamuke, dada."

Kaswera hakubisha. Kila Lusenge alipokuja alimpikia fufu na maharage. Lusenge alinawa, akashukuru, akasema ameshakula. Hakuvuka kizingiti hata siku ya mvua. Alisimama chini ya ukingo wa bati, maji yakimlowesha viatu.

"Ni heshima ile," Mama Kahindo alisema. "Anangojea kanisa kwanza."

Hata Bénite aliuliza: "Mama, Papa Lusenge ataikala na sisi?"

"Tutaona," Kaswera alimjibu, akageuza uso.

Jaribio la pili, gogo liliruka likavunja ua. Lusenge akachomelea vyuma viwili pembeni, vya kulishika. Jaribio la tatu likawa Jumamosi, na majirani walijaa uani. Jeki ilisogea. Gogo lililia, likanyamaza, halafu likaachana katikati, jeupe na bichi, na harufu ya mkaratusi ikajaa kila mahali. La pili Kaswera alilipasua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Watu walipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele kama kwenye arusi.

Wengine walipoondoka, Mama Kahindo alimshika Bénite mkono.

"Kuya, tuache bakubwa baongee." Akamkonyeza Kaswera, akatoka.

Lusenge alizima injini. Akaanza kukusanya spana zake, moja moja, kama mtu asiyetaka zitimie.

"Papa Lusenge," Kaswera alisema. "Miezi tatu uko nakuya hapa. Kama uko na neno, uliseme leo."

Mfuko wa spana ulianguka. Lusenge aliuacha palepale.

"Ile asubuhi nilikuwa ndani ya depo ya kakao," alisema. "Nilifunga mulango na chuma. Ésaïe alikuya mbio, akagonga. Aliniita kwa jina langu. Waasi balikuwa nyuma yake, Mama Bénite, niliwasikia. Sikufungua."

Kaswera alikaa juu ya kuni zilizopasuliwa.

"Najua," alisema. "Majirani balimufikisha hospitali angali na pumzi. Nilikuwa namushika mukono."

Lusenge aliinua kichwa.

"Alinituma kwako. Alisema: 'Umutafute Lusenge, umuambie asilie. Hata miye ningefunga.'" Kaswera alijifunika uso kwa kitenge. "Miaka mbili, Papa Lusenge. Miaka mbili nimekunyima ile neno, kwa hasira."