Swali kwa Msimamizi wa Ndoa

Diwani Marcelline alisimama katika kikao cha baraza la mji, maikrofoni mkononi. Meya aliyeketi mbele yake ndiye aliyesimamia ndoa yake kanisani. Msimamizi wa ndoa ni mzazi; huitwa papa, yaani baba. Hahojiwi mbele ya watu.

"Leo utamuita papa ao meya?" diwani jirani alimtania kwa sauti ya chini.

Nyuma ya ukumbi walikaa akina mama wa mtaa wa Panda, ambao vibanda vyao vya soko vilibomolewa. Marcelline aliomba kimoyomoyo.

"Papa Meya, nani alitoa amri ya kubomoa vibanda vya hawa bamama?"

Meya alivua miwani, akaifuta polepole. Marcelline akaanza kuketi.

"Ni miye, mwanangu," alisema meya. "Usikae kwanza. Endelea kuuliza."