Saa Mbili Mpaka Saa Kumi

Saa nne kamili asubuhi, tovuti ya idara ya maji iliufungia mji mzima mlango, na Mkurugenzi Kitwana akaingia chumba cha mitambo bila kubisha hodi, kama ilivyo haki ya wakubwa.

“Nani kaifunga?”

“Imejifunga,” alisema Mwanaidi, fundi wa seva. “Skripti yako, ile orodha ya amri za mashine, inaiamuru ifunguke saa 2, ifungwe saa 10. Mashine huhesabu tangu usiku wa manane. Ilifunguka tukiwa tumelala, na saa 10 yake ndiyo sasa hivi.”

“Mpumbavu gani aliandika hivyo?”

“Mimi. Nilitaka niweke 8 na 16. Ukasema, ‘Usinifundishe saa, binti. Andika ninavyotamka.’”

Nje, watu walitikisa geti, simu mkononi. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba kuunganishiwa bomba kupitia tovuti hiyo.

Mkurugenzi akaweka barua mezani. Mwanaidi alikuwa amekwisha kuchapiwa kosa lake, majuto yake na kujiuzulu kwake. Kilichokosekana ni saini tu.

“Tia saini, kisha urekebishe.”

“Nikitia saini, mheshimiwa, mimi si fundi wako tena.”

“Tia!”

Mwanaidi akatia saini taratibu, kwa mwandiko wa kupendeza. Akainuka, akamvutia bosi kiti.

“Karibu.”

Mkurugenzi Kitwana akaketi. Skripti ilijaza kioo chote cha kompyuta, mistari juu ya mistari, na namba zilikuwa nyingi. Geti likalia tena. Akanyoosha kidole kimoja juu ya kibodi, kikabaki hewani, kikiitafuta ile 2.