Picha za Marlys

"Hizi ni zako, Mama," daktari alisema, akigeuza skrini. "Ulituambia ungependa kujua."

Marlys alikuwa amekuja kumsindikiza tu mumewe, aliyeanza kupotea njia humo humo mjini Duluth alimozaliwa. Watafiti wa ugonjwa wa kusahau walihitaji mtu mwenye afya wa kumlinganisha naye, akakubali. Akadungwa dawa ile ile, inayoonyesha ugonjwa kwa rangi nyekundu, akalala kwenye mashine ile ile ya picha.

Mumewe alikwishapewa majibu yake. Ubongo wake ulikuwa safi. Kilichomchanganya ni vidonge vya usingizi, na vingebadilishwa.

"Umesikia, bibi wee?" alikuwa amecheka. "Ulitaka kunizika mzima!" Kisha akatoka kwenda kuchukua makoti.

Sasa Marlys alitazama ubongo wake mwenyewe. Wekundu ulikuwa umetambaa hadi pembeni, kama juisi ya beri iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Aliugusa kwa kidole. Kioo kilikuwa na uvuguvugu.

"Lakini mimi sisahau kitu."

"Bado," daktari alisema taratibu. "Picha huuona ugonjwa miaka mingi kabla ya mtu kuanza kusahau."

"Kuna dawa?"

"Ya kuuchelewesha, labda. Ya kuuondoa, hakuna."

Mlango ukafunguliwa. Mumewe alikwishavaa koti, uso uking'aa kama wa bwana harusi.

"Twende, mke wangu! Leo nakulisha samaki mpaka uombe msamaha."

Daktari akainamisha macho.

Marlys alivuta kiti cha pili karibu na chake.

"Vua koti, mzee wangu," alisema. "Njoo ukae."