Jina la Shemasi

Kwa miezi mitatu Shamiran alimsihi mbunge wao wa Sydney alitaje bungeni jina la kaka yake, shemasi aliyetekwa kijijini kwao Syria pamoja na waumini wenzake. Mbunge alikuwa amekubali kulitaja leo.

Akiwa mlangoni mwa ukumbi wa bunge, mama yake akampigia simu kutoka kule, akilia. "Mwanangu, watekaji wamesema wakisikia jina lake limetajwa na serikali yoyote ya nje, tusimsubiri tena."

Shamiran akamkimbilia msaidizi wa mbunge. "Mdogo wangu, nakuomba, mwambie alifute!"

"Ameshaingia, mama. Nitamfikiaje sasa?"

Alipanda mbio hadi kwenye viti vya wageni. Chini kule, mbunge alikuwa amesimama. Akavaa miwani, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Mheshimiwa Spika, leo sitataja idadi. Nitamtaja mtu mmoja."

Shamiran akainuka. Kiingereza chote kilimtoka kichwani, akabaki na Kiashuri, lugha ya kijijini kwao. "Nyamaza! Usimtaje, watamchinja! Nyamaza!"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mlinzi akamkamata mkono. "Mama, tutoke, tafadhali." Shamiran akaung'ang'ania ukingo wa mbao mpaka kucha zikamuuma, huku akipiga mayowe.

Mbunge alimtazama kwa huruma, akadhani ni uchungu wa dada mtu. Akaweka kiganja kifuani, akakisogelea kipaza sauti, akalitamka jina lile taratibu, pamoja na la baba yake na la kijiji.