Unga wa Asubuhi Ile

Sikudhani alikimbia pekupeku mtaani, akigonga kila nyumba waliyoigawia unga asubuhi ile. Yeye na mumewe Kibwana ndio wenye kile kiduka cha unga, na hawakuzoea kumrudisha mtu mikono mitupu. Mahindi yalipowaishia, Kibwana alifungua gunia la mbegu, zile nyekundu zilizotiwa dawa ya wadudu, akaziosha, akazipeleka mashineni.

"Nimeziosha mara tatu, mke wangu, mpaka maji yakawa meupe," alimwambia. Kana kwamba sumu ni vumbi!

Mifuko sita ilisharudi. Wa saba ulikuwa kwa Mwanaidi, jirani mwenye mtoto mdogo.

"Mwanaidi, ule unga! Nirudishie, tafadhali!"

"Loo! Umenipa kwa mkono wako, sasa wanipokonya? Ama umepata jirani mzuri kunishinda?"

"Una sumu, mwenzangu! Ni mahindi ya mbegu!"

Kicheko kilimkatika Mwanaidi. Wakapigana vikumbo mlangoni kuingia jikoni. Sufuria ya uji ilikuwa imeshaepuliwa, bado inafuka mvuke. Mtoto alikuwa amekaa mkekani na kikombe chake, uji umemganda kidevuni.

Sikudhani alimpokonya kikombe. Kilikuwa nusu.

"Ulimtilia kiasi gani?" aliuliza. "Mwanaidi, ulimjazia?"

Mwanaidi alikuwa ameshapiga magoti, akiukomba uji kwa kidole kinywani mwa mwanawe, na mtoto analia huku akinyoosha mkono, anataka kikombe chake.